Sura ya 6: Picha ya Familia Inayofika Kijijini

Kila mwaka, mvua za kwanza zikianza kunyesha Songea na shule zikikaribia kufungwa, swali hili hurudi: "Picha zetu nzuri ninazo tele kwenye simu. Nikitaka kutengeneza kadi ya sikukuu yenye picha ya familia yangu, naanzia wapi? Na kwani ina faida gani, wakati naweza kuirusha WhatsApp ikafika sasa hivi?"

Hayo ni maswali mawili, na la pili ndilo la kujibiwa kwanza. Asiyejua kadi inakwenda kufanya kazi gani atakosea kila kitu kinachofuata: picha, maneno, karatasi, hata bahasha.

Jibu langu ni hili. Picha iliyo kwenye simu ni ya mwenye simu. Bibi aliyeko kijijini Mbinga au Namtumbo, mwenye simu ya kitochi, huonyeshwa wajukuu zake kwenye kiganja cha mtu mwingine kwa muda mfupi, kisha simu inarudi mfukoni. Kadi ni mali yake mwenyewe. Ataisimamisha kwenye kabati la vyombo au ataichomeka kwenye ukingo wa fremu ya picha ya harusi. Jirani akipita atamwita aje aione, na mwakani bado ipo. Kwa hiyo kadi ya familia haitengenezwi kwa ajili ya walio kwenye picha. Inatengenezwa kwa ajili ya atakayeipokea. Ukilishika hilo, uamuzi mwingine wote katika sura hii utakuwa mwepesi.

Desturi hii si ngeni kwetu

Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapishwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole, mtumishi wa serikali ya Uingereza, alikuwa na barua nyingi za kujibu kuliko nafasi aliyokuwa nayo. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja, akaichapisha, na zilizobaki zikauzwa kwa shilingi moja kila moja. Picha ya katikati ilikuwa ya familia ya vizazi kadhaa, wakubwa kwa wadogo, wakiwa wamezunguka meza. Miaka 3 kabla ya hapo, mwaka 1840, Uingereza ilikuwa imeanza kutumia stempu ya peni moja, kwa hiyo kutuma barua hakukuwa tena jambo la matajiri. Familia, uchapaji na usafirishaji wa bei nafuu: mambo hayo matatu ndiyo utakayoyatafuta nawe ukiwa Songea leo.

Katika pwani yetu, picha za kupelekeana zilienea kupitia studio. Mjini Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Kule Lamu, Omar Said Bakor alijulikana kwa kukata picha na kuziunganisha kwa mkono hadi zikawa picha moja, zamani kabla ya kompyuta. Watu walivaa vizuri, wakaenda studio, picha ikasafishwa, na nyuma yake wakaandika neno la ukumbusho na tarehe kabla ya kumpelekea ndugu au rafiki.

Hapa Ruvuma tunao mfano wa karibu zaidi. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na kiwanda cha uchapaji cha hapo kimetoa vitabu vya sala na nyimbo vilivyoenea katika nyumba nyingi za Wakatoliki. Fungua kimojawapo cha mama mtu mzima yeyote utaona vilivyohifadhiwa ndani: vikadi vya kumbukumbu ya upadrisho au nadhiri. Upande mmoja kuna picha, upande wa pili jina, mahali, tarehe na ombi fupi la kusaliwa. Kikadi hicho kinatufundisha mambo mawili. Kwanza, kina ukubwa wa kuingia mahali ambapo mwenyewe tayari anatunza vitu vyake vya thamani. Pili, miaka 20 ikipita, mtu ambaye hakuwepo siku ile atakisoma na kujua ni nani, wapi na lini. Kadi nzuri ya familia inapaswa kuyafanya yote mawili.

Anza na orodha ya watakaopelekewa

Watu wengi huanza na picha, kisha dizaini, na mwishoni kabisa ndipo hujiuliza kadi ni za nani. Geuza mpangilio huo. Chukua daftari, andika majina. Kwa kawaida orodha huwa na makundi manne:

1. Wazee wasiotumia simu janja: babu na bibi wa pande zote mbili, baba wakubwa, mama wadogo, shangazi.
2. Ndugu walio mbali: Dar es Salaam, Mbeya, Mtwara, au walio kazini nje ya nchi.
3. Watu wa shukrani: mwalimu wa mtoto, mkunga aliyemzalisha mama, wasimamizi wa ndoa, wazazi wa ubatizo, jirani wa nyumba mliyohama.
4. Nyumba yenu wenyewe: nakala 2 za kuweka.

Hesabu kwa nyumba, usihesabu kwa kichwa. Watu 6 wanaoishi pamoja wanapata kadi moja. Ila kwa wazee hesabu kwa mtu: bibi mzaa baba na bibi mzaa mama kila mmoja apate yake, hata kama wanaishi kijiji kimoja. Kadi iliyofika kwa mmoja tu huzua maneno ambayo hukuyakusudia.

Ukimaliza orodha, weka alama za aina mbili mbele ya majina yanayohusika. Alama ya kwanza ni ya nyumba zenye msiba wa mwaka huo. Hao usiwapelekee kadi yenye maputo na maneno ya shamrashamra. Waandalie maneno yao, au waandikie mstari kwa mkono. Alama ya pili ni ya dini. Koo nyingi za Songea zina Wakristo na Waislamu ndani ya ukoo mmoja. Baba mdogo aliye Mwislamu atafurahi kupata picha ya wajukuu Desemba ikiwa maneno ni "Heri ya Mwaka Mpya", na atafurahi zaidi ukimwandalia kadi ya Idd wakati wake ukifika.

Kadi ya Idd ina tahadhari moja. Idd hufuata mwandamo wa mwezi, na katika kalenda ya kawaida huwahi kwa siku kama 10 au 11 kila mwaka. Usichapishe tarehe ya siku yenyewe. Chapisha "Idd Mubarak" na mwaka wa Kiislamu, kisha hakikisha kadi ziko mkononi kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, wakati ambapo kila duka lina kazi nyingi.

Kwa ufupi: orodha hukuambia idadi ya kadi, aina ya maneno na njia ya kuzifikisha. Usiende dukani bila orodha.

Picha: lini, wapi na nani akae wapi

Picha ya kadi ya Noeli si lazima ipigwe Desemba. Walio bweni hawajarudi, wakubwa wako shambani, na mvua haina ratiba. Siku nzuri ni ile ambayo familia tayari imekutana: likizo ya Juni, kipaimara, ubarikio, harusi ya ndugu. Siku hiyo nguo zimepigwa pasi na bibi yupo. Tenga robo saa baada ya chakula, kabla watoto hawajachafua nguo, mpige picha moja kwa ajili ya kadi. Juni ya Songea ina baridi lakini jua lake ni safi, na masweta yanapendeza kwenye picha.

Kuhusu mwanga, jambo la kwanza ni saa. Jua la saa sita mchana hutia kivuli machoni na chini ya pua. Piga asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Kama ni lazima mchana, ingieni wote kwenye kivuli kamili cha mwembe au cha baraza, pasipo mabaka ya jua usoni. Siku ya mawingu ni zawadi: mwanga wake hutandaa sawasawa kwa kila mtu.

Jambo la pili ni ukuta. Kamera ya simu hupima mwanga wa eneo lote na kutafuta wastani. Mkisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na nyuso zetu hutoka nyeusi bila macho wala tabasamu. Wengi husema simu ni mbovu, kumbe ni ukuta. Simameni mbele ya kitu chenye rangi iliyotulia: majani ya migomba, ukuta wa matofali ya kuchoma, mlango wa mbao. Kisha mpigaji aguse uso wa mtu mmoja kwenye kioo cha simu. Katika simu nyingi itatokea alama ya jua. Aisogeze juu taratibu mpaka nyuso zionekane vizuri, hata kama anga la nyuma litakuwa jeupe kidogo. Anga si mwanafamilia. Nyuso ndizo tulizofuata.

Jambo la tatu ni mpangilio. Wazee wakae kwenye viti, katikati. Watoto wadogo wakae mbele kwenye mkeka, wengine wasimame nyuma. Hiyo ni heshima, na pia ni ufundi, kwa sababu vichwa hukaribiana na nyuso huonekana kubwa zaidi kwenye kadi ndogo. Mpigaji asogee karibu hadi watu wajae kwenye kioo, ila aache nafasi ya kiganja juu ya vichwa na pembeni mwa watu wa mwisho. Sababu ya nafasi hiyo utaiona tukifika kwenye kukata. Na asimame usawa wa macho ya waliokaa. Akipiga kutoka juu, watoto hutoka wakiwa vichwa vikubwa na miguu midogo.

Nguo za kitenge za sare zinapendeza, lakini zisiwe sharti la kumfanya mtu akose picha. Kuchagua rangi mbili ambazo kila mtu anazo kabatini kunatosha.

Limebaki suala la nani aingie. Dada anayewasaidia kazi, anayeishi nanyi na kulea watoto wenu, mwulizeni kama angependa kuwemo, na akikubali jina lake liandikwe kama ya wengine. Mwana aliyeko Dar na hawezi kuja, mwambieni apige picha yake akiwa kivulini, mbele ya ukuta usio na mapambo, na mtengeneza kadi aiweke kwenye kisanduku chake pembeni. Kisanduku kinachoonekana wazi kuwa ni picha ya pili ni bora kuliko kumbandika katikati ya ndugu zake kwa namna ya kudanganya jicho. Na mzazi aliyetangulia mbele ya haki anaweza kuwepo kwa picha yake ya fremu iliyoshikwa magotini. Familia nyingi hufanya hivyo, na wanaopokea huelewa bila maelezo.

Kwa ufupi: mwanga laini, ukuta usio mweupe, wazee katikati, nafasi pembeni.

Maneno: machache, makubwa, yenye majina

Kadi ya dukani husema "Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya" na kuishia hapo, kwa sababu aliyeichapa hamjui atakayeipokea. Wewe unamjua. Maneno ya kadi yako yagawe sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni salamu. Kwa wazee salamu inaanza na shikamoo: "Shikamoo Babu, shikamoo Bibi. Sisi wajukuu zenu tunawatakia Noeli njema." Ukiwa na kadi za wazee na za marika katika oda moja, acha sehemu ya salamu wazi na uiandike kwa kalamu. Mwandiko wa mtoto wa darasa la nne, hata ukipinda, humfurahisha bibi kuliko herufi za kompyuta.

Sehemu ya pili ni habari moja au mbili za mwaka: nani kamaliza darasa la saba, nani kazaliwa, nani kahamishwa kazi. Sentensi mbili zinatosha. Habari za ugonjwa na fedha si za kadi. Hizo zina simu yake.

Sehemu ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi: majina, mahali na mwaka. Kuandika "Familia ya Ngonyani" hakutoshi katika mkoa wetu, wala Komba, Haule au Ndunguru. Majina hayo ni ya maelfu ya watu. Andika majina ya kwanza ya wote kuanzia kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kisha wa mbele, na umri wa watoto. Kisha mtaa na mji: Bombambili, Songea. Kisha mwezi na mwaka picha ilipopigwa. Weka hayo nyuma ya kadi, ili upande wa mbele ubaki kwa picha na salamu.

Herufi ziwe kubwa. Kompyuta hupima herufi kwa pointi, na vitabu vingi hutumia kama pointi 10 au 11. Kwa macho ya wazee usishuke chini ya 14. Usiandike maneno juu ya nguo za kitenge au majani, hayatasomeka. Yape sehemu yake yenye rangi moja.

Na nje ya bahasha andika wazi: "Salamu za Noeli kutoka kwa wajukuu". Kwetu bahasha yenye kadi imezoeleka kuwa ya harusi au mchango, na mpokeaji anaweza kuiweka pembeni akisubiri mwisho wa mwezi. Mwondolee wasiwasi kabla hajaifungua.

Kuagiza: mambo ya kuuliza dukani

Mjini Songea kazi hii hufanywa na studio za picha na maduka ya steshenari yenye kompyuta na printa. Oda kubwa huchukuliwa na wachapaji wenye mashine kubwa. Kuna njia mbili kuu, na huna haja ya kuchagua iliyo ghali.

*Njia ya kwanza: picha iliyosafishwa na kubandikwa.* Studio inakutolea picha kwenye karatasi ya picha, ukubwa wa sentimita 10 kwa 15. Unainunulia karatasi ya manila, unaikata na kuikunja, unabandika picha mbele na kuandika ndani kwa mkono. Inafaa kwa kadi chache, tuseme zisizozidi 10, na watoto wanaweza kushiriki kazi yote.

*Njia ya pili: kadi iliyochapwa.* Mtengeneza dizaini anaweka picha na maneno pamoja, kisha zinachapwa kwenye karatasi nene. Inafaa kadi zikiwa nyingi, kwa sababu malipo ya dizaini ni ya mara moja, na yanagawanyika kwa kila kadi unayoongeza.

Katika njia hii ya pili, ukubwa wa kadi ndio unaoamua gharama. Karatasi ya A4, ile ya kawaida ya fotokopi, ina milimita 210 kwa 297. Ukiikata vipande vinne sawa unapata A6, milimita 105 kwa 148, karibu sawa na picha ya studio. Kwa hiyo:

- Kadi 24 za A6 zisizokunjwa zinahitaji karatasi 6 za A4.
- Kadi 24 za A6 zinazokunjwa na kufunguka zinahitaji karatasi 12.
- Ongeza karatasi 1 au 2 za kuharibika.

Kadi isiyokunjwa, yenye picha mbele na maneno nyuma, hutumia nusu ya karatasi na huingia vizuri kwenye kitabu cha sala. Kwa familia nyingi hilo ndilo chaguo bora.

Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu za karatasi yenye ukubwa wa mita moja ya mraba. Ya fotokopi ina gramu 80, nayo italegea ukiisimamisha kabatini. Omba kati ya 200 na 300, lakini uliza kwanza kama printa yao inaweza kuivuta karatasi nene kiasi hicho bila kukwama.

Wino nao una aina mbili. Kuna printa za wino wa maji na printa za leza, ambazo hutumia wino wa unga unaoyeyushwa kwa joto na kushikamana na karatasi. Wino wa maji mara nyingi hutoa rangi nzuri ya ngozi, lakini aina nyingi huchuruzika zikilowa, na Desemba ya kwetu ni ya mvua. Wino wa unga haujali maji, ila huweza kupasuka kwenye mkunjo, kwa hiyo kadi ya kukunjwa itiwe alama ya mkunjo kwanza kwa rula. Kupima kama wino utahimili maji ni rahisi: lowesha ncha ya kidole, pitisha kwenye ukingo wa karatasi ya majaribio. Rangi ikihamia kidoleni, uliza kama wana printa nyingine, au weka kila kadi kwenye mfuko wa nailoni kabla ya bahasha. Kulaminisha pia hulinda, lakini kalamu ya kawaida haiandiki juu ya laminesheni. Andika kwanza, laminisha baadaye.

Picha yenyewe uifikishe ikiwa kamili. Picha ya simu imeundwa na vidoa vidogo vya rangi viitwavyo pikseli. Kwa kadi ya A6 unahitaji kama pikseli 1,750 kwa 1,240 ili nyuso zitoke safi, na simu nyingi za leo hupiga zaidi ya hapo. Shida huja njiani: ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu huipunguza ili ipite haraka. Itume kama dokumenti, au ipeleke kwa flashi. Usitumie picha uliyoipiga kutoka kwenye kioo cha simu au uliyoichukua kwenye stetasi ya mtu. Kwenye simu itaonekana nzuri, kwenye karatasi nyuso zitakuwa na ukungu.

Kusoma sampuli kabla ya kuruhusu zichapwe

Sampuli ni kadi moja ya majaribio, iliyochapwa kwenye karatasi na mashine ileile itakayotumika. Usikubali kuonyeshwa kwenye kioo cha kompyuta peke yake. Hapa ndipo kadi nyingi huharibika, kwa hiyo twende polepole.

Sampuli inatoka kwenye printa bado ina joto. Ishike pembeni, uitazame picha kwanza. Picha ya simu kwa kawaida ina umbo la 4 kwa 3, na kadi ni nyembamba zaidi, kwa hiyo mtengenezaji lazima akate sehemu ya juu au ya chini. Hesabu watu. Tazama nywele za aliye mrefu, viatu vya watoto walio mbele, bega la aliye mwisho kushoto na la aliye mwisho kulia. Printa nyingi za dukani haziwezi kuchapa hadi ukingoni, na mashine ya kukatia karatasi husogea kidogo kutoka karatasi hadi karatasi. Kitu chochote kilicho ndani ya milimita 5 kutoka ukingoni kiko hatarini. Ile nafasi ya kiganja mliyoiacha siku ya kupiga picha sasa inalipa.

Kisha soma maneno kwa kidole, jina moja moja, ukilinganisha na daftari lako. Tazama haya:

- Majina yamefuata mpangilio wa picha, kushoto kwenda kulia.
- Mwaka ni sahihi. Dizaini ya mwaka jana mara nyingi hubaki na mwaka wake.
- Hakuna nembo wala namba ya simu ya duka mahali ambapo hukuikubali.
- Rangi ya ngozi ya kila mtu inafanana na alivyo. Nyuso zikiwa nyeusi mno au zimeng'arishwa zikapauka, omba mwanga urekebishwe na sampuli itolewe tena.

Mwisho, mpe sampuli mtu mzima aliye karibu na umwombe aisome bila miwani. Akishindwa yeye, bibi pia atashindwa, na dawa ni kuongeza ukubwa wa herufi papo hapo.

Ukiridhika, saini sampuli na tarehe, lipa sehemu ya fedha, na risiti yako itaje idadi, ukubwa, uzito wa karatasi, kukunjwa au kutokunjwa, na siku ya kuchukua. Risiti iliyoandikwa hivyo huondoa ubishi kwa pande zote mbili.

Sura za watoto si bidhaa

Ukimaliza oda, mwombe mtengenezaji afute picha kwenye kompyuta ya duka. Mwambie pia kama hutaki kadi yako iwekwe ukutani au mtandaoni kuwa mfano kwa wateja wengine. Si suala la adabu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Kwa upande wako, usichapishe kwenye kadi jina la shule ya mtoto au maelekezo ya kufika nyumbani. Babu anapajua nyumbani kwenu.

Kuzifikisha

Barua zetu kwa kawaida hazifiki mlangoni. Zinafika kwenye sanduku la posta, na mzee wa kijijini mara nyingi hutumia sanduku la parokia, la shule au la mwanawe mfanyakazi. Piga simu kwanza ujue ni sanduku lipi na nani hulifungua. Shirika la Posta linafaa kwa kadi za kwenda mikoa mingine na nje ya nchi, mradi uzipeleke mapema Desemba.

Kwa bahasha nyingi za kwenda mji mmoja, watu wetu hutumia mabasi. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na mzigo hupokelewa stendi. Zifunge pamoja katikati ya vipande viwili vya boksi gumu, ndani ya nailoni. Andika jina na namba ya atakayepokea, chukua risiti, mpigie simu siku basi linapoondoka.

Kwa vijijini, hakuna inayoishinda njia ya mkononi. Kati ya kufungwa kwa shule na Noeli, Mbinga, Nyasa, Namtumbo na Tunduru hujaa watu wanaorudi nyumbani. Mkabidhi mmoja bahasha zote za kijiji chake, na umpe karatasi yenye majina ili aweke alama kila anapofikisha.

Kalenda ya kazi kwa kadi ya Noeli

- Juni hadi Oktoba: piga picha siku yoyote familia inapokutana.
- Wiki ya kwanza ya Novemba: andika orodha, maneno na anwani.
- Katikati ya Novemba: peleka oda, soma sampuli.
- Mwisho wa Novemba: chukua kadi, zihesabu, watoto waandike salamu.
- Wiki ya kwanza ya Desemba: za posta zitoke.
- Hadi Desemba 20: za basi na za mkononi zitoke.

Na kama mwaka huu fedha haitoshi, usiahirishe mpango mzima. Fupisha orodha. Baki na mmoja, yule mwenye umri mkubwa kuliko wote, ambaye hana simu ya kuonyesha picha. Picha moja ya studio, kipande cha manila, kalamu, majina ya wote na mwaka vinatosha. Walio na simu janja watapata salamu zao kwa njia nyingine, na mwakani orodha itarefuka. Huyo mkubwa ndiye asiyepaswa kusubiri mwakani. Jina lake liandike la kwanza.